Mapambano ya Mitindo: Uchunguzi wa Kihistoria juu ya Ubora wa Mitindo ya Kupigana ya Japani na Uchina

Swali la kwamba ni mtindo upi wa kupigana ulio bora kuliko mingine ni la zamani sana katika nchi za Asia ya Mashariki, na majibu yake ni mengi kupita kiasi. Kila chuo kimehifadhi masimulizi ya mwalimu wake wa kwanza jinsi alivyowabwaga wapinzani wake wote. Ni nadra kukuta chuo kilichohifadhi kwa bidii hiyo hiyo habari za siku kiliposhindwa. Mwamba ngoma, wasema Waswahili, ngozi huvutia kwake. Kwa hiyo mwenye kutaka kulinganisha mitindo hii kwa njia ya kitaalamu hukabiliwa na shida mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kuyatenga mambo yaliyotendeka na yale yaliyosimuliwa tu. Ya pili ni kujua, hata pale ambapo ushindi hauna shaka, ni kitu gani hasa kilichoshinda: je, ni mtindo wenyewe, au ni mtu, au ni kanuni za siku hiyo?

Makala haya yanachungua mapambano machache yaliyokutanisha mitindo tofauti tangu chuo cha Kodokan kilipoanzishwa mjini Tokyo mwaka 1882. Si nia yake kutoa tuzo kwa mtindo mmoja. Nia ni kuonyesha kwamba katika miaka hiyo yote matokeo yalifuata mambo mawili zaidi ya jina la mtindo: kanuni za uwanja, na namna wapiganaji walivyozoezwa kabla ya kufika uwanjani.

Majina na madai yaliyomo

Kabla ya kuyaangalia mapambano, yafaa kuyaangalia majina, maana hayakuzuka yenyewe. Yalichaguliwa, na katika kila uchaguzi mna dai. Neno la Kijapani jujutsu lina sehemu mbili: ju, maana yake ulaini au hali ya kukubali kupinda, na jutsu, maana yake ufundi. Neno judo limebakiza sehemu ya kwanza na kubadili ya pili. Badala ya ufundi pamewekwa do, yaani njia. Badiliko ni dogo, lakini dai lake ni kubwa: ufundi ni kitu cha kumshindia mtu, ilhali njia ni kitu cha kumlea mtu. Alama hizo hizo mbili za maandishi husomwa na Wachina shu na dao, na ya kwanza ndiyo iliyomo katika neno wushu, yaani ufundi wa vita, na katika neno guoshu, yaani ufundi wa taifa, lililoenea Uchina katika miaka ya 1920. Ama gongfu, ambalo wageni wamelifanya kuwa jina la kupigana, kwa Wachina wenyewe ni neno la maana pana: ni muda na juhudi, na ustadi unaopatikana kwa muda na juhudi hizo. Mpishi aweza kuwa na gongfu, na mwenye kuandika hati nzuri pia.

Neno karate lina historia ya ajabu zaidi. Katika kisiwa cha Okinawa liliandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ikiwa jina la nasaba ya Tang ya Uchina na ya pili ikiwa mkono. Alama hiyo ya kwanza yaweza kusomwa kara. Na iko alama nyingine isomwayo kara vile vile, ambayo maana yake ni tupu. Katika miaka ya 1930 walimu walianza kuitumia hii ya pili, na mwaka 1936 wakuu wa mtindo huo walikutana mjini Naha na kuipitisha. Kwa hiyo mkono wa Kichina ukawa mkono mtupu, mwaka mmoja tu kabla ya vita kuu baina ya Japani na Uchina kuanza. Asili ikafutwa katika maandishi, ilhali sikio halikusikia tofauti yo yote. Maneno haya yalipoingia katika Kiswahili yaliingia kwa sauti tu, bila alama zake, na kwa sababu hiyo bila madai yake. Ndiyo maana mtu aweza kuyatumia karate na kung fu kana kwamba ni kitu kimoja, jambo ambalo mwalimu wa Naha au wa Shanghai asingelivumilia.

Kodokan na vyuo vya zamani

Serikali ya Japani ilipokataza kubeba panga hadharani mwaka 1876, tabaka la samurai lilipoteza alama yake ya heshima, na walimu wa vyuo vya kupigana walipoteza wanafunzi. Wengi walibaki maskini. Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860 na kusoma katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alijifunza kwa walimu wa namna hiyo: kwanza mtindo wa Tenjin Shin'yo, ambao nguvu yake ilikuwa katika kukaba, kupinda viungo na kupiga mahali pa hatari, kisha mtindo wa Kito, ambao nguvu yake ilikuwa katika kumwondoa mtu kwenye mizani yake na kumwangusha. Mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, alifungua chuo chake mwenyewe akiwa na mikeka 12 na wanafunzi 9.

Jambo alilolifanya Kano halikuwa kubuni mapigo mapya. Mengi ya mafunzo yake yalikuwa ya zamani. Alilolifanya ni kuyagawa mafunzo hayo katika mafungu mawili. Mapigo ya hatari, kama vile kupiga macho na koo au kuvunja vidole, aliyaweka katika kata, yaani mfululizo wa vitendo vilivyopangwa ambavyo wawili huvifanya kwa makubaliano. Yale yaliyobaki, yaani kuangusha, kubana chini, kukaba na baadhi ya kupinda viungo, aliyaweka katika randori, mazoezi huru ambamo kila mmoja hujaribu kwa nguvu zake zote kumshinda mwenziwe asiyekubali kushindwa. Mazoezi ya namna hii hayakuwa mageni kabisa katika vyuo vya zamani, lakini Kano aliyafanya kuwa moyo wa mafunzo ya kila siku.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Mtu angelidhani kwamba chuo kilichoondoa mapigo ya kuua kingelitoa wapiganaji dhaifu kuliko vyuo vilivyoyatunza. Kumbe mwenye pigo la kuua hawezi kulizoea kwa mtu hai. Hulifanya hewani, au kwa mwenziwe aliyesimama akingoja. Mwenye pigo la kuangusha aweza kulifanya mara elfu kwa mtu anayekataa kuanguka. Walipokutana, mmoja alikuwa na ujuzi mwingi wa kukumbuka, na mwingine alikuwa na ujuzi mchache uliokwisha kuingia mwilini.

Baina ya miaka ya 1885 na 1888 watu wa Kodokan walipambana na watu wa vyuo vya jujutsu mbele ya wakuu wa polisi wa Tokyo. Wapinzani wao wakubwa walikuwa wafuasi wa Totsuka wa mtindo wa Yoshin. Masimulizi yanatofautiana kuhusu mwaka na idadi ya mapambano. Kano mwenyewe alieleza baadaye kwamba watu wake walishinda karibu yote, na machache yakawa sare. Lililokuwa hatarini halikuwa jina tu. Polisi walikuwa wakiajiri walimu, na katika nyakati zile ajira hiyo ilikuwa mkate wa nyumba nyingi. Chuo kilichoshindwa kilipoteza sifa na riziki kwa siku moja.

Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba picha ya mapambano hayo iliyomo vichwani mwa watu imetokana zaidi na riwaya kuliko kumbukumbu. Mwaka 1942 Tomita Tsuneo, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Kano, alitoa riwaya iitwayo Sugata Sanshiro, ambayo shujaa wake alifananishwa na Saigo Shiro wa Kodokan. Mwaka uliofuata Kurosawa Akira aliifanya kuwa filamu yake ya kwanza. Ngoma ikawa imewambwa tena, na safari hii kwa ustadi mkubwa zaidi.

Kanuni zilivyozaa mitindo

Kama Kodokan ilishinda kwa kuwa bora kwa kila hali, isingelishindwa baadaye na chuo kidogo. Lakini ilishindwa. Tanabe Mataemon wa mtindo wa Fusen aliwashinda watu kadhaa wa Kodokan kwa njia rahisi: hakukubali kushindana nao katika kuangusha. Alikwenda chini kwa hiari yake, na huko chini akawakaba au kuwapinda viungo. Mafunzo ya Kodokan yalikuwa yamekazia mapambano ya kusimama. Mapambano ya chini yalikuwa machache. Baada ya vipigo hivyo Kodokan iliyaongeza mafunzo ya chini, na kwa kufanya hivyo ikakiri kwamba ubora wake wa kwanza ulikuwa ubora wa sehemu moja.

Jambo lililofuata linaonyesha kwa uwazi zaidi nguvu ya kanuni. Kuanzia mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto kilisimamia mashindano ya judo ya shule za juu, yaliyojulikana kwa jina la Kosen. Kanuni zake ziliruhusu mtu kumvuta mpinzani chini moja kwa moja, bila ya kwanza kumwangusha kwa ustadi. Mashindano yalikuwa ya vikundi, na sare ilikuwa na thamani. Wanafunzi waliokuwa na miaka michache tu ya masomo walitambua upesi kwamba kuangusha kwahitaji miaka mingi, lakini kulala chini na kutokubali kushindwa kwaweza kufunzwa kwa muda mfupi. Shule zikaanza kulea mabingwa wa chini, na mbinu mpya za kukaba kwa miguu zikazaliwa. Mwaka 1925 Kodokan ilipunguza kwa kanuni ruhusa ya kwenda chini katika mashindano yake. Tangu hapo mtindo mmoja, wenye jina moja na mavazi yale yale, ulikuwa na sura mbili, na sura hizo hazikutofautishwa na kitu kingine ila karatasi ya kanuni.

Karate ilipofika Tokyo ilikuta hali hiyo. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, aliionyesha hadharani mwaka 1922, na Kano alimwalika aionyeshe katika Kodokan pia. Funakoshi alifundisha kwa njia ya kata na hakupenda mashindano. Mwenziwe wa Okinawa, Motobu Choki, alikuwa wa tabia nyingine: tangu ujana alipenda kuyajaribu mafunzo yake kwa kupigana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa amepita umri wa miaka 50, alipanda ulingoni mjini Kyoto na kumwangusha bondia mgeni aliyekuwa akiwaita watu wapambane naye. Gazeti la Kingu lilichapa habari hiyo mwaka 1925, nayo ikaitangaza karate kote Japani. Lakini picha zilizochorwa zilionyesha sura ya Funakoshi. Aliyepigana alikuwa mmoja, na aliyeonekana akipigana alikuwa mwingine. Kwa mwanahistoria hilo ni onyo la kutosha juu ya thamani ya picha.

Nanjing, 1928

Uchina katika miaka hiyo ilikuwa na haja kubwa ya kuthibitisha nguvu zake. Ilikuwa imeshindwa vita mara kadhaa, na Wachina wenyewe walikuwa wamezoea kusikia nchi yao ikiitwa mgonjwa wa Asia ya Mashariki. Chama cha Jingwu kilichoanzishwa mjini Shanghai mwaka 1910 kililihubiri jambo hilo kwa raia. Na mwaka 1928 serikali mpya ya Nanjing ilifungua Chuo Kikuu cha Guoshu chini ya Zhang Zhijiang, aliyekuwa jemadari. Neno lenyewe, ufundi wa taifa, lilidai kwamba mitindo yote ni mali ya nchi, si ya ukoo wala kijiji.

Lakini chuo hicho kiligawanywa mara moja katika idara mbili, Shaolin na Wudang, kwa kufuata imani ya kwamba mitindo ya nje, itumiayo nguvu za misuli, ilitoka katika hekalu la Shaolin, na mitindo ya ndani, itumiayo pumzi na ulaini, ilitoka katika mlima wa Wudang. Haikuchukua muda wakuu wa idara hizo walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mgawanyo huo ukafutwa. Mwaka 1930 mwanachuoni Tang Hao alichapisha uchunguzi wake juu ya Shaolin na Wudang, akaonyesha kwamba habari za mtawa Bodhidharma kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kwanza, na za Zhang Sanfeng kuwa mwanzilishi wa mtindo wa pili, hazina msingi katika maandiko ya zamani. Hivyo ugomvi uliokifarakanisha chuo cha taifa ulikuwa ugomvi wa nasaba ambazo hazikuwapo.

Katika mwezi wa Oktoba 1928 chuo kiliitisha mtihani wa taifa. Wapiganaji wa mitindo mbalimbali walikutanishwa kwa kura, bila ya kutenganishwa kwa uzito wa miili. Walioumia walikuwa wengi hata waliobaki mwishoni hawakuruhusiwa kuendelea, wakapewa daraja la kwanza kwa pamoja. Mwaka uliofuata, katika mashindano makubwa ya Hangzhou, kanuni zilibadilishwa zaidi ya mara moja huku mashindano yenyewe yakiendelea, na aliyeshika nafasi ya kwanza, Wang Ziqing, alikuwa mtu aliyezoea mieleka ya Kichina. Tena hapa jambo lile lile la Tokyo lilionekana. Wapiga mieleka, ambao kila siku hushikana na mtu asiyetaka kuanguka, walifanya vizuri. Wengi waliosifika kwa maonyesho mazuri ya peke yao hawakufika mbali. Lalamiko lililosikika baada ya mashindano hayo lilikuwa kwamba katika ulingo haikuwezekana kuitambua mitindo: Korongo, Nyoka na Chui wote waligeuka kuwa watu wawili wanaorushiana makonde.

Macau, 1954

Lalamiko hilo lilipata ushahidi wa macho mwaka 1954. Wu Gongyi, mkuu wa chuo cha taichi cha ukoo wa Wu mjini Hong Kong, alikuwa mtu wa miaka 53. Chan Hak-fu wa mtindo wa Korongo Mweupe alikuwa kijana kwake kwa miaka mingi. Maneno yaliyoanza magazetini juu ya ubora wa mitindo yao yaliishia katika mkataba wa kupigana. Kwa kuwa pambano la namna hiyo halikuruhusiwa Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza, lilifanywa Macau, iliyokuwa chini ya Wareno, tarehe 17 Januari 1954. Fedha zilikusanywa kwa ajili ya wahitaji, miongoni mwao watu walioachwa bila makao na moto wa Shek Kip Mei usiku wa Krismasi ya mwaka 1953, ambao idadi yao ilikuwa 53,000 hivi.

Filamu ya pambano hilo ipo hadi leo. Mtazamaji haoni mabawa ya korongo wala ulaini wa taichi. Huona watu wawili wenye hofu ya kweli na ushupavu wa kweli, wakirusha mikono kwa upana, wakirudi nyuma, wakitokwa na damu. Katika raundi ya pili waamuzi walilisimamisha, wakatangaza uamuzi usio na mfano: hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, wala si sare. Kwa swali la mtindo upi ulio bora, jibu la Macau lilikuwa ukimya rasmi.

Lakini pambano lililokosa mshindi halikukosa uzao. Siku tatu baadaye, tarehe 20 Januari, gazeti la jioni la Hong Kong, Xin Wan Bao, likitaka kuitumia hamu ya wasomaji, lilianza kuchapa hadithi ya wapiganaji kwa sehemu za kila siku. Mwandishi wake, Chen Wentong, alitumia jina la Liang Yusheng. Mwaka 1955 mwenziwe Louis Cha, aliyejulikana kwa jina la Jin Yong, alianza hadithi yake ya kwanza katika gazeti hilo hilo. Kutoka kwa hao wawili ikakua tanzu mpya ya riwaya ya Kichina, ambayo wasomaji wake ni mamilioni. Yale ambayo mikono ya Wu na Chan haikuweza kuyatenda, kalamu iliyatenda kwa wingi. Mtafiti wa fasihi hapaswi kulidharau jambo hili: hadithi haikukua kwa sababu pambano lilithibitisha nguvu za mitindo, bali kwa sababu lilishindwa kuzithibitisha, na pengo likabaki wazi kwa ubunifu.

Kutoka Rio de Janeiro hadi Tokyo

Wakati huo judo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Maeda Mitsuyo, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazil mwaka 1914 na hatimaye akafanya makao yake Belém. Kutokana na mafunzo yake ndugu wa ukoo wa Gracie walijenga mtindo wao, wakakazia mapambano ya chini. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Helio Gracie alipambana na Kimura Masahiko, bingwa mkuu wa judo wa zama zake. Kanuni zilisema kwamba kuangusha hakuhesabiwi. Ushindi ni kwa kumfanya mwenzio asalimu amri au azirai. Kimura alimbwaga mara nyingi bila faida ya alama, kisha katika raundi ya pili akaupinda mkono wake kwa kufuli la bega. Helio hakusalimu amri. Upande wake ndio uliotupa taulo. Watu wa Brazil wakaliita kufuli hilo Kimura, na jina hilo limeenea dunia nzima. Ni nadra katika lugha yo yote kwa walioshindwa kumtunza mshindi kwa kuliita pigo lenyewe jina lake.

Pambano la Maracanã mara nyingi hutajwa kama ushindi wa judo juu ya mtindo wa Gracie. Lakini wote wawili walikuwa matawi ya mti mmoja, na Kimura alimzidi mwenziwe uzito na nguvu. Umuhimu wa mwili ulijitokeza hata ndani ya judo yenyewe, pale Anton Geesink wa Uholanzi, mtu mkubwa kuliko wapinzani wake wengi, alipomshinda Kaminaga Akio mjini Tokyo katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Ulaini washinda ugumu, yasema mafunzo ya kale. Lakini ulaini wenye uzito mkubwa, ukifunzwa vyema, washinda ulaini mwepesi.

Mfano wa kanuni kuliua pambano ni ule wa tarehe 26 Juni 1976 katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo. Muhammad Ali, aliyekuwa amemshinda George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, alikutanishwa na mpiga mieleka Inoki Antonio. Makubaliano yaliyofanywa kabla ya siku hiyo yalimfunga Inoki asiweze kutumia sehemu kubwa ya ufundi wake. Akalala chali kwa muda mwingi wa raundi 15 akimpiga Ali mateke ya miguu. Ali alirusha ngumi chache mno, na matokeo yakawa sare. Watazamaji walikasirika, lakini miguu ya Ali ilivimba hata ikambidi atibiwe hospitali. Hapakuwa na mchezo. Palikuwa na watu wawili, kila mmoja akitii sheria ambayo haikuwa yake.

Denver, na yaliyofuata

Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, watu 8 wa mitindo tofauti walikutanishwa kwa usiku mmoja, bila ya kutenganishwa kwa uzito, wakikatazwa mambo machache tu kama kuuma na kutia vidole machoni. Royce Gracie, mwana wa Helio, ambaye hakuwa mkubwa wa mwili, aliwashinda wapinzani wake watatu kwa kuwapeleka chini na kuwafanya wasalimu amri. Mapambano yote matatu kwa pamoja hayakuzidi dakika 5. Wengi waliona kwamba swali la karne limejibiwa.

Lakini mmoja wa waliobuni mashindano hayo alikuwa Rorion Gracie, ndugu yake Royce. Hii haina maana kwamba ushindi ulikuwa wa uongo; ulikuwa wa kweli kabisa. Maana yake ni kwamba uwanja ulipangwa na watu waliojua ni kitu gani ambacho wapiga ngumi na mateke hawakijui, na waliokuwa na yakini kwamba, pasipo mipaka ya mavazi, alama na muda, pambano litakwenda chini. Tanabe Mataemon alikuwa amewafunza Kodokan somo lilo hilo karibu miaka 100 kabla.

Siri ikitoka haiwi siri. Wapiga ngumi wakajifunza kuzuia kuangushwa, wapiga mieleka wakajifunza kupiga ngumi, na baada ya miaka michache hapakuwa na mpiganaji mkubwa aliyetegemea mtindo mmoja. Tarehe 1 Mei 2000, mjini Tokyo, Royce alipambana na Sakuraba Kazushi kwa kanuni ambazo upande wa Gracie wenyewe uliziomba: raundi zisizo na ukomo wa idadi, na mwamuzi asisimamishe. Baada ya dakika 90 ndugu wa Royce walitupa taulo. Mwaka 2017, mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mtindo huu wa kuchanganya, alimshinda mwalimu wa taichi aitwaye Wei Lei kwa muda usiofika nusu dakika. Chama cha Wushu cha Uchina kilililaumu pambano hilo, na Xu akakumbwa na hasira ya wengi walioona kwamba ameitukana mali ya taifa. Neno guoshu lilikuwa limeacha kutumika katika bara la Uchina, lakini dai lililokuwa ndani yake lilikuwa hai bado.

Hitimisho

Kutokana na mapambano haya, mambo matatu yaweza kusemwa kwa uhakika. Kwanza, hakuna pambano lililowahi kuipima mitindo mitupu. Kila moja lilipima mitindo ndani ya kanuni zake, na mara nyingi mwenye kuzitunga kanuni alikuwa amekwisha kushinda nusu ya pambano. Pili, juu ya tofauti hizo zote za kanuni, kuna jambo lililojirudia Tokyo, Nanjing, Hangzhou, Denver na Chengdu: waliozoea kila siku kushindana na mtu anayekataa waliwashinda mara nyingi wale waliozoea mwenza anayekubali, hata kama hao wa pili walikuwa na mapigo mengi zaidi na ya kutisha zaidi. Tatu, masimulizi hayakufuata matokeo. Yalifuata haja za watu: haja ya ajira, haja ya heshima ya taifa, haja ya chuo kupata wanafunzi, na haja ya msomaji kupata hadithi.

Jambo hili si la mabishano ya barazani tu. Mwanafunzi anayemlipa mwalimu kwa miaka mingi, akiamini kwamba anachofunzwa kitamkinga siku ya shida, ana haki ya kujua kama kimewahi kujaribiwa, kwa nani na kwa kanuni gani. Ama mitindo ile ambayo haitafuti ushindi, bali afya, utulivu au uzuri wa mwendo, haina deni kwa ye yote, maadamu inajiita kwa jina lake. Neno gongfu katika maana yake ya asili, yaani ustadi uliolipiwa kwa muda na juhudi, lingalitosha kuwa kipimo cha mitindo yote; kwani lenyewe halisemi lo lote juu ya hekalu, mlima wala taifa.